Mkwe Harushi Kifuniko

Jumatatu, 5 Februari 1979

Kifuniko kingine. Kimeingia uani mchana, kimepita juu ya mbuzi, kikakata shingo ya mtungi niliouanika juzi. Mtungi mbichi. Na shingo ndiyo kazi ya mtungi. Tumbo hata mlevi anaweza kulifinyanga.

Mwalimu wa kisomo alisema tuandike jambo kuanzia mwanzo, ili asiyekuwepo aelewe. Haya. Malongo, mkufunzi wa mgambo wetu, alipigana vita vya Wazungu akarudi na goti bovu na maneno mengi. Tangu vita hii ya nduli ianze anasema mkono wa kijana lazima ujue kurusha. Mabomu ya kujifunzia hakuna. Basi amekusanya vifuniko vya yale makopo makubwa ya maziwa ya unga ya misheni, ametundika matenga tisa juu ya miti yenye panda kuzunguka kijiji, na vijana wanarusha vifuniko kutoka tenga hadi tenga. Anayemaliza matenga yote kwa mitupo michache ndiye mshindi. Mwanzoni yalikuwa mazoezi ya asubuhi. Sasa ni mchezo wa asubuhi, mchana na jioni, na shamba la ujamaa linaota magugu.

Tenga la sita lipo mpakani mwa ua wangu. Nani alilitundika? Malongo. Aliniuliza? Hakuniuliza.

Mbaya kuliko wote ni Ngeleja, kijana wa Kisukuma. Wazazi wake walihamia hapa na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Ana mkono kama mpini wa shoka na haangalii anakorusha. Sheria ya Malongo inasema kabla ya kurusha mtu apaze sauti, "Chonjo!", ili walio mbele wajihadhari. Ngeleja husema chonjo kifuniko kikiwa kimeshatua. Halafu anakuja kukifuata, shikamoo mama, marahaba, anasimama pale kama nguzo, kisha anamsaidia Febronia kuokota vigae. Febronia ni kitinda mimba wangu. Leo wameokota vigae vya mtungi mmoja mpaka jua likageuka. Mtungi mmoja una vigae vingapi? Mzembe huyu, hata kuokota hajui.

Na huu si wakati wa kuvunjiwa. Sufuria zimekwisha madukani kwa ajili ya vita. Duka la kijiji linataka vyungu. Kamati ya duka itapita Jumamosi tarehe 24 kuangalia kazi yangu na kazi ya Eustakia, ichague mmoja awe mfinyanzi wa duka. Mmoja tu. Mimi nimefinyanga tangu nikiwa Mabawe, miguuni pa mama yangu, wakati Eustakia hajui udongo unatoka ardhini au unanyesha. Vyungu vyake vinavuja kama pua ya mtoto. Lakini nyumba yake ipo nyuma ya ghala. Hakuna kifuniko kinachofika huko.

Jumanne, 6 Februari

Nimekwenda kwa Malongo. Nimeshtaki.

Akasema, Mama Audax, vita ni vita. Nikamwambia vita ipo Uganda, vyungu vyangu vipo Kasulo. Akasema nikisikia chonjo nilale kifudifudi. Nikamwuliza nikilala ataniinua nani? Kwa umri wangu mtu akionekana amelala mchana, watu wanatafuta majembe. Akasema basi nihamishe vyungu. Nikasema ahamishe tenga. Akasema tenga halihamishiki, lipo kwenye mstari.

Mstari! Kila kitu hapa kipo kwenye mstari. Tulipohamishiwa kijijini nyumba zilipangwa kwenye mstari, na choo changu kilibomolewa kwa kuchungulia nje ya mstari. Choo cha Eustakia kimepinda kama mkia wa nguruwe, lakini yeye ana shemeji kwenye kamati.

Malongo alinisindikiza hadi njiani kwa heshima, akaniambia vijana wake wana nidhamu ya hali ya juu. Wakati anasema "nidhamu" kifuniko kilimpita sikioni. Akalala. Alikuwa bado amelala nilipofika kwangu.

Nilimkuta Ngeleja uani. Amevunja chungu cha maharage. Febronia alikuwa anampa maji ya kunywa. Nikamwuliza binti yangu, mtu akikuvunjia chungu unampa maji? Akasema ni utu.

Alhamisi, 8 Februari

Nimepata dawa. Kifuniko kikiingia kwangu hakitoki.

Kufika mchana nilikuwa na vifuniko vingi, vizuri, vya bati nene. Kimoja kilikaa sawasawa juu ya chungu cha kisamvu kana kwamba kilizaliwa hapo. Nikasema, kumbe Mungu huleta kwa njia ya wajinga.

Jioni Malongo kaja na mgambo wake wote, wameshika fimbo begani kama bunduki. Akasoma maneno kwamba mwananchi Niragira anazuilia zana za ulinzi wa taifa. Nikamwambia zana za ulinzi wa taifa zinapika kisamvu, asubiri kiive. Wakasubiri. Kilipoiva wakakila chote, wakaondoka na zana zao.

Ngeleja alibaki kuosha chungu. Alikiosha vizuri, hilo siwezi kumnyima. Lakini alikiosha yeye na Febronia, watu wawili kwa chungu kimoja, mikono yote ndani. Ndiyo maana kijiji hiki hakiendelei.

Jumamosi, 10 Februari

Siandiki mengi. Jicho moja halifunguki.

Nilimwomba jirani mzinga mdogo wa nyuki, nikaupachika ndani ya tenga la sita alfajiri. Hesabu yangu ilikuwa hivi: kifuniko kigonge tenga, nyuki watoke, wamfuate aliyerusha. Nyuki ni wadudu wenye haki, watu husema.

Si kweli. Kifuniko cha Ngeleja kiligonga tenga, nyuki wakatoka, wakaja kwangu. Wakaenda kwa mbuzi. Wakarudi kwangu. Mbuzi amekata kamba, amepita juu ya mitungi miwili mbichi, mpaka sasa hajulikani alipo. Aliyerusha hakuguswa hata kidogo. Kaingia katikati ya nyuki, kambeba Febronia mgongoni, kampaka tope mkononi mahali alipoumwa. Nyuki mmoja tu alimuuma Febronia, na tope lilipakwa mpaka kiwiko.

Mimi nilijipaka mwenyewe.

Jambo moja zuri: Eustakia alikuwa amejificha nyuma ya migomba yangu anahesabu vyungu vyangu. Mdomo wake umevimba. Kwa siku mbili hizi hatasema chochote kuhusu mtu.

Jumapili, 11 Februari

Nimeenda misa na jicho moja. Padri alihubiri juu ya kuvumiliana. Hana vyungu, yule.

Lakini tulipokuwa tunarudi nimeona kitu. Ndassa, kaka mkubwa wa Ngeleja, alikuwa anakuja mbele yetu na baiskeli, amepakia mihogo. Mama wa mke wake akatokea kwenye kona. Mama huyo hakusema neno, alikuwa anatembea tu na mwavuli wake. Ndassa akatupa baiskeli, mihogo ikamwagika, yeye akaruka mtaro akaingia vichakani. Tulipita wote. Mama mkwe akapita. Ndassa bado alikuwa ndani ya kichaka, nikaona kisigino tu.

Nikauliza. Nikaambiwa kwao Wasukuma mwanamume hakutani na mama mkwe uso kwa uso. Hampiti mbele, hamwiti, hamwinulii mkono. Akimwona, anampisha njia.

Nilisimama pale barabarani. Watu wakadhani jicho linaniuma.

Hampiti mbele. Hamwinulii mkono. Sasa, mtu asiyeweza kuinua mkono mbele ya mama mkwe, atarusha kifuniko vipi kwenye ua wa mama mkwe?

Malongo na mstari wake. Nyuki na haki yao. Dawa ilikuwa jikoni kwangu siku zote inamenya ndizi.

Jumatatu, 12 Februari

Nimemwambia Febronia. Nilijiandaa kwa vita. Nilikuwa na fimbo karibu, nilikuwa na maneno ya marehemu baba yake, nilikuwa na mfano wa watakatifu waliojitoa. Nikaanza: mwanangu, kuna wakati mzazi anadai jambo zito. Yule Ngeleja.

Akasema, sawa mama.

Nikamwambia sijamaliza. Akasema sawa mama, ni leo au kesho?

Moyo wangu uliuma. Kumbe mtoto ananipenda kiasi hiki, anakubali kuolewa na mrusha vifuniko ili vyungu vya mama yake vipone. Nikamwambia asijilazimishe. Akajifunika uso na kanga, mabega yakawa yanatikisika. Maskini. Alilia mpaka akalazimika kutoka nje, na huko nje nilimsikia analia kwa sauti inayofanana kabisa na kicheko.

Jumatano, 14 Februari

Wazee wa Ngeleja wamekuja kuposa. Niliwatumia ujumbe jana mchana, nao wakafika leo mapema kiasi kwamba walinikuta nafagia. Wamevaa makoti. Nikajiuliza makoti yale waliyapiga pasi saa ngapi.

Ng'ombe watazungumzwa vita ikiisha. Mimi nilikuwa na neno moja tu: je, ni kweli mkwe hamrushii mama mkwe kitu? Wazee wakatazamana. Mkubwa wao akasema, mayu, yaani mama kwa lugha yao, hata tonge hawezi kulitupa mdomoni mbele yako. Nikasema basi, mmempata.

Ngeleja mwenyewe hakuonekana. Alikuwa nyuma ya zizi, amekaa chini na kichwa kati ya magoti. Nilipokwenda kumwangalia akahamia nyuma ya choo. Nilipokwenda nyuma ya choo akaruka ua. Kwa kweli nilifurahi. Nilimzungusha boma lote, mara mbili nadhani, kwa ajili ya raha tu.

Nimeanika mitungi mipya mitatu na vyungu safu nzima. Eustakia kapita, mdomo umeshuka kidogo. Kaniuliza nasikia unaoza binti kwa ajili ya udongo? Nikamwambia wengine hawana hata wa kuoza.

Ijumaa, 16 Februari

Jana asubuhi ilikuwa amani. Ngeleja alitokea, akaniona, akaingia kwenye shamba la mihogo na kifuniko chake. Nikakaa mlangoni kama malkia.

Leo nimeelewa.

Kuacha mchezo hawezi, Malongo ameandika majina. Kupita mbele ya ua wangu hawezi, mimi ni mkwe wake. Kwa hiyo anarusha akiwa ndani ya mihogo. Hanioni. Haoni tenga. Haoni kitu. Na neno chonjo, lile la kuchelewa, nalo limekufa, kwa sababu mkwe hawezi kumpazia sauti mama mkwe. Sasa vifuniko vinatoka porini kimya kimya, kama mawazo mabaya. Zamani nilivunjiwa kwa taarifa.

Mitungi yote mitatu. Kifuniko kimoja kimenitoa kilemba kichwani nikiwa nimeinama, nami nikabaki nimeinama kwa muda nikifikiri ni Bwana.

Na kurudisha vifuniko? Yeye haingii uani. Febronia anampelekea. Anaingia kwenye mihogo mchana na kifuniko kimoja, anarudi jioni na majani ya muhogo kwenye nywele. Nimemwuliza anakawia nini. Akasema mihogo ni mingi, mtu mwenyewe amejificha, inabidi amtafute. Mtoto mwaminifu. Hakubali kukiacha tu chini.

Lakini kichwa changu hakilali. Kosa lilikuwa wapi? Nilimpa heshima nyingi mno. Mkwe ni dawa kali. Inatakiwa kupunguzwa kidogo.

Yupo Shilinde, binamu yake Ngeleja. Huyu naye sasa kaanza. Vifuniko vyake huja upande wa jikoni, pale anapokaa Anjelika, mjukuu wangu, binti wa Audax. Audax anaendesha lori la chakula cha askari huko Mutukula, Mungu amlinde, kwa hiyo uamuzi ni wangu. Nimewaza: mama mkwe wa Shilinde atakuwa mama yake Anjelika. Yeye ndiye atakimbiwa porini. Mimi bibi nitapata heshima ya kati, ya kutosha mtu asinirushie, isiyozidi mpaka akajificha. Kwetu mume wa mjukuu hukuinamia, hukubebea mzigo, huuliza umelalaje. Hiyo ndiyo hasa ninayoitaka.

Jumapili, 18 Februari

Wamekuja kuposa. Makoti yaleyale. Mzee mkubwa hakuuliza njia.

Anjelika nilimwuliza kama anakubali. Akaniuliza nilikuwa nangoja nini.

Jumatatu, 19 Februari

Asubuhi Shilinde kaingia uani bila hodi. Nikajiweka sawa kupokea shikamoo.

Akasema, "Mke wangu, umeamkaje?"

Nikatazama nyuma kuona kasimama nani. Hakuna mtu. Akasema, wewe kikongwe, mume wako nina njaa, maharage yako wapi. Akayafuata mwenyewe. Akala kwenye kijiko changu. Akachukua kigoda changu nilichokalia, akanivuta nikatoka kama gunia. Akajifunga kanga yangu akatembea uani akiiga mwendo wangu, na akina mama waliokuwa wanapita kwenda kisimani wakaweka ndoo chini ili wacheke vizuri. Halafu akarudi nyuma, akanionyesha kifuniko, akasema, "Chonjo, mke wangu," akanirushia.

Kimeniacha kwa unywele. Chungu kilichokuwa nyuma yangu hakikuachwa.

Nilishika mchi. Nilimkimbiza mpaka kwao. Baba zake walikuwa wamekaa nje. Niliwaeleza yote, maharage, kigoda, kanga, mke wangu. Walicheka mpaka mmoja akashikilia nguzo ya nyumba. Wakasema, mayu, huyo ni mtani wako. Kwao bibi wa mke ni mtani, huitwa mke, huibiwa, hutukanwa, na akikasirika anatozwa faini. Wakaniuliza kama nimekasirika.

Nikasema sijakasirika.

Wakasema mbona umeshika mchi?

Nikasema natwanga.

Jumatano, 21 Februari

Sasa sielewi dunia.

Tangu jana wanakuja vijana nisiowajua. Wa mgambo wetu si hao. Hawa wanatoka Nyabusozi na kwingine, kwa baiskeli, wamevaa mashati meupe, nywele wamezipaka mafuta. Nani anavaa shati jeupe kwenda kurusha kifuniko? Wala hawachezi tenga la kwanza, wala la pili. Wanakuja moja kwa moja la sita. Wanasimama kwenye foleni. Mmoja alikuja na mjomba wake.

Vifuniko vikiisha wanarusha sahani za kwao.

Anjelika ananiambia huko gulioni watu wanasema ukivunja chungu cha Bibi Niragira unapewa msichana. Wa kwanza alivunja akapewa Febronia. Wa pili akavunja akapewa yeye. Nikamwambia huo ni upuuzi wa watu wasio na kazi, mimi nimetoa wasichana ili vyungu visivunjwe, mtu mwenye akili atalionaje kinyume?

Nikatoka kumhoji mmoja, kijana mwenye adabu, shikamoo bibi. Nikamwuliza umefuata nini hapa. Akatazama viatu vyake. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama chungu kidogo kinatosha au lazima uwe mtungi.

Malongo amefurahi. Anasema kambi yake sasa ni ya wilaya mbili, Ngara na Biharamulo. Nikamwambia tenga lihamishwe, kamati inakuja Jumamosi. Akasema tenga la sita ndilo lililoinua moyo wa vijana kuliko matenga yote, hawezi kulihamisha wakati nchi ipo vitani.

Nimeingiza vyungu vilivyobaki chini ya kitanda. Kesho alfajiri navichoma, kabla mashati meupe hayajaamka.

Alhamisi, 22 Februari

Nimevichoma nyuma ya nyumba kwa majani makavu ya migomba. Vimetoka vyekundu, vinalia ukivigonga, ngee, kama kengele ya misheni. Vichache. Lakini kimoja changu ni kumi vya Eustakia. Chungu kizuri mwanamke anakirithisha.

Nikikosa kazi hii, wanawake wote wa kijiji watanunua vyungu vya Eustakia dukani, vitavuja, moto utazimika, na watasema wafinyanzi wa siku hizi. Na mimi nitakuwa mmoja wa hao wafinyanzi wa siku hizi. Baada ya maisha yote haya.

Sitakubali.

Jumamosi, 24 Februari

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ndoo. Kigoda bado anacho Shilinde.

Kamati ilianzia kwa Eustakia. Wakaja kwangu wanapangusa midomo, wameshalishwa. Mwenyekiti wa kamati, katibu, na mama muuza duka. Nikavitoa vyungu kimoja kimoja chini ya kitanda nikavipanga juu ya mkeka. Uani kulikuwa kimya. Nilikuwa nimemwomba Febronia akae kwenye mihogo na Ngeleja, amshikilie mikono asirushe, na hilo alilikubali haraka sana. Anjelika nilimwambia amlishe Shilinde mpaka ashindwe kusimama.

Mwenyekiti akagonga chungu. Ngee. Akamtazama katibu. Katibu akagonga. Ngee. Mama muuza duka akamimina maji, akainua, akapapasa chini. Kukavu. Akasema, huu ndio ufinyanzi. Nilimsikia kwa masikio yangu. Akasema wa kule nyuma ya ghala ulimlowanisha miguu.

Mwenyekiti akatoa kalamu.

Ndipo mashati meupe yakafika. Yote pamoja. Kumbe habari ilikuwa imeshawafikia kwamba leo vyungu vimetolewa nje. Malongo alikuwa nao, kwa mara ya kwanza akafuata sheria yake mwenyewe, akapaza sauti kabla: "Chonjo!"

Kamati ikalala. Mwenyekiti, katibu, mama muuza duka, kifudifudi kwenye vumbi, kalamu hewani. Mimi sikulala. Nilishasema silali mchana. Vifuniko vikaja kama nzige. Chungu cha kwanza, kwa. Cha pili, kwa. Na kila kikivunjika kijana mmoja huko nyuma anaruka na kupongezwa na mjomba.

Nikasema hapana. Kama vinarushwa, na mimi nitarusha. Nikatafuta kitu cha kurusha. Mkononi kilikuwepo chungu.

Nikakirusha. Kikampata Malongo kwenye goti, lile zima. Nikashika kingine. Kikawatawanya watu wa Nyabusozi. Nikashika kingine, na kingine, mkono ulikuwa umepata moto, sijawahi kujisikia kijana hivyo tangu nizae. Nilimkosa mjomba, nikaipata baiskeli. Kile cha mwisho, kikubwa kuliko vyote, nilikirusha kwa mikono miwili. Kilipanda juu, kikapita mgomba, kikashuka taratibu ndani ya tenga la sita. Kikakaa. Hakikuvunjika.

Malongo, akiwa chini ameshika goti, akasema mtupo mmoja. Hajawahi kuona mtu akiingia la sita kwa mtupo mmoja. Akataka kuniandika jina.

Nikageuka kuwaambia kamati: mmeona? Kimeruka kote kule na hakina ufa, huo ndio udongo wa Niragira. Mwenyekiti alikuwa bado amelala. Akaniuliza, vingine viko wapi? Nikatazama mkeka. Mkeka ulikuwa mtupu. Nikamwonyesha goti la Malongo, nikamwonyesha baiskeli.

Akaandika bila kuinuka. Nilisoma kwa juu, siku hizi nasoma. Aliandika Eustakia.

Mama muuza duka alikung'uta gauni lake, akaniambia kwa huruma kuwa vya Eustakia vinavuja lakini vipo.

Jumanne, 27 Februari

Kesho Jumatano ya Majivu. Vyungu vya Eustakia vipo dukani. Jana kimoja kilizima moto wa mwalimu. Amerudi kununua kingine, kwa sababu ndivyo vilivyopo.

Nimekaa nikafikiri kwa utulivu. Mtu lazima akubali alipokosea. Nimekosea wapi? Nimewapa warusha vifuniko mabinti, kumbe mwenye kunidhuru hakuwa mrusha vifuniko. Ni Eustakia. Nilikuwa na dawa sahihi, nikaipaka mguu usiouma.

Sasa Eustakia ana mjukuu mmoja wa kiume, Nzeyimana, mpole, mwenye masikio makubwa. Mimi nina wajukuu wengine Mabawe, na Clotilda ametimiza umri. Nzeyimana akimwoa Clotilda, mimi na Eustakia tutakuwa wakwe. Mkwe hamnyang'anyi mkwe riziki. Atakuja mwenyewe kwenye kamati, aseme kwa heshima ya mkwe wangu naiacha kazi ya duka. Sioni mahali pa kushindwa. Katika Kwaresima haifungwi ndoa, lakini posa hakuna aliyeikataza.

Tatizo ni kijana mwenyewe. Hachezi. Hajawahi kurusha kitu maishani, huwapisha hata kuku. Akija mikono mitupu watu watasema nini, na desturi ya kijiji sasa ni hiyo?

Basi jioni hii nimemwita. Nimempa kifuniko kizuri, cha bati nene. Nimemshika kiwiko, nimemwonyesha namna ya kukunja kifundo, nimemwonyesha mlango wangu. Nimemwambia arushe kwa nguvu, asinihurumie.

Vyungu vipya nimeshaviweka nje.